Mbwa wa Papa wa Maji

Sudi Kabwe alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Ujiji walimtania kuwa hata mtungi wa mama yake aliuchungulia kwanza kabla ya kuchota. Nzi akitua kwenye chai, chai ilimwagwa, na kikombe kile hakukigusa tena siku hiyo. Sasa mtu wa namna hii ndiye maisha yalimwokota yakamtupa Goma, mwezi wa saba wa mwaka tisini na nne, kuendesha lori la maji.

Kama hukuwako Goma mwezi ule, shukuru. Wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa malaki, wakalala barabarani, makanisani na kwenye viwanja vya shule, na ilipokosekana nafasi hata ya kuweka mguu wakasukumwa kaskazini kwa barabara ya Rutshuru mpaka Kibumba. Kibumba kuna baridi na mawe meusi ya volkano, na maji hakuna. Kipindupindu kilipanda nao. Jiwe lile halichimbiki, si kwa choo wala kwa kaburi. Watu walijisaidia pale walipochuchumaa, na wafu walikunjwa kwenye mikeka wakalazwa kando ya barabara kungoja gari la kuwachukua. Mbwa walifika kabla ya gari.

Sudi aliwaona siku yake ya kwanza, karibu na Munigi, watatu, matumbo yamewajaa, wakiburuta kitu kutoka kwenye mkeka. Hakuangalia ni kitu gani. Alifunga kioo, akakanyaga mafuta. Siku zote alikuwa amemkataa mbwa kwa sababu ya dini. Tangu siku ile alimkataa kwa macho yake mwenyewe. Usiku alikula ugali mkavu, maana mchuzi wa nyama haukupita kooni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alijaza tangi ziwani, dawa ikatiwa, akapandisha Kibumba, akafungulia mabomba, akashuka, akajaza tena. Wakimbizi walimwita Papa wa Maji, yaani Baba wa Maji, na kumpisha njia kama askofu. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia panga na walikuwamo waliolishika, na Sudi hakuwa na namna ya kujua anamnywesha nani. Hilo nalo lilimtia kichefuchefu. Jioni alirudi mjini, mtaa wa Majengo, kwenye chumba cha mbao alichopanga kwa Mama Katungu, mjane wa Kinande aliyeuza maharage ya kutoka Butembo, mkatoliki wa misa ya kila asubuhi na mwenye mdomo usiolala. Huko ndiko alikooga, akaswali, akajilaza akihesabu siku zilizobaki kwenye mkataba wake.

Pale kwenye mabomba ya Kibumba palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitangaza wala kuiandika: mwenye mtoto mgongoni hupita mbele. Hata wanaume wakorofi waliichunga. Aliyesimamia mstari, jitu moja lililoitwa Habarurema, lenye koti la mvua, alichungulia tu migongo, akaona kichwa kimefunikwa nguo, akanyoosha mkono: pita.

Jumatatu moja Sudi alikuwa ameegemea mlango wa lori, leso puani, mara akasikia yowe. Habarurema alikuwa amemshika mwanamke mmoja kwa nguo ya mgongoni. Mwanamke mwenyewe alikuwa mwembamba, miguu imetapakaa uchafu uliokaukia, na ndoo yake ilikuwa imekwisha kufika bombani. Habarurema akavuta. Nguo ikafunguka, na kilichoanguka kwenye mawe hakikuwa mtoto. Kilikuwa kijibwa cha rangi ya majivu, kichwa kikubwa, macho yamefumbuka juzi tu.

"Imbwa!" watu wakapiga kelele. "Imbwa!"

Kule Kibumba, mwezi ule, neno hilo halikuwa jina la mnyama wa nyumbani. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyelazwa barabarani ndani ya mkeka, na kila mmoja alijua nini kilipita usiku. Mkono mmoja uliinama na kuinuka na jiwe, kisha wa pili, kisha hakuna tena aliyekuwa na mikono mitupu. Mwanamke alikiokota kijibwa, akakaa chini palepale kwenye tope, akafungua kifua na kukinyonyesha.

Sudi alidhani macho yake yanamdanganya. Lakini kijibwa kilishika, kikakanyaga titi kwa vijiguu vyake viwili, na maziwa yakatiririka pembeni mwa mdomo wake. Sudi aligeuza uso. Alitaka kurudi ndani ya lori, afunge kioo, aende zake, na kusema kweli mguu mmoja ulikuwa tayari umepanda ngazi.

Jiwe la kwanza lilimpiga mwanamke begani. Hakulia. Aliinama tu zaidi, akafunika kile kitu kwa kichwa chake.

"Acheni!" Sudi akasikia sauti, na ilikuwa yake. "Huyo mbwa ni wangu! Mimi ndiye niliyempa aniwekee!"

Watu walimtazama Papa wa Maji, kisha wakalitazama lori, na kila mmoja alielewa bila kuambiwa kwamba mtu yule akiudhika, kesho hakuna maji. Mawe yalishushwa moja moja. Habarurema alitema mate pembeni akasema kitu kwa Kinyarwanda, na watu wachache walicheka vibaya.

Sudi alichukua gunia tupu la mchele, akamwendea mwanamke akiwa amebana pumzi. Kwa karibu harufu yake ilikuwa ile ile ya mahema ya wagonjwa. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono ilibaki imesimama pale alipojifinya. Hata dereva alijua maana yake: maji yalikuwa yamemwishia mwilini.

"Tia humu," akasema.

"Utaiua?"

"Sitaiua."

"Mama yake walimuua na majiwe," mwanamke akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga. "Palepale nilimulaza mutoto yangu. Mutoto alikuwa na wiki tatu. Maziwa inakuja tu, Papa. Haijui." Alikitazama kijibwa, kisha akamtazama yeye. "Kesho utaileta, nione?"

"Nitaleta."

"Apa kwa Mungu."

Sudi angesema lolote ili aondoke mahali pale. "Wallahi," akasema, na ndipo alipojifunga mwenyewe, maana Sudi Kabwe alikuwa na kasoro nyingi lakini hakuwahi kula kiapo cha Mungu na kukivunja. Mwanamke alikitia kijibwa ndani ya gunia. Alipojaribu kuinuka, miguu ilikataa, na wabeba machela wakamchukua kwenda hema la kipindupindu. Jina lake, alikuja kuambiwa baadaye, ni Dancille.

Njia nzima gunia lililia. Munigi alisimamisha lori, akafungua mlango, akalishika gunia kwa vidole viwili, akalining'iniza juu ya mtaro. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akatukana, akalirudisha, akaendesha mpaka Majengo huku kioo kikiwa wazi na kichwa kikiwa nje.

"Papa Sudi, unaleta nini mu nyumba yangu?" Mama Katungu aliuliza, mikono bado imo kwenye ungo wa maharage.

"Mbwa."

"Weye? Musilamu?" Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia lake. "Yesu Maria! Njo dunia imeisha sasa."

"Si cheko, Mama Katungu. Hiki kinatoka Kibumba. Hiki kimekula watu."

Mama Katungu akaacha kucheka. Alikitoa kijibwa, akakifungua mdomo kwa kidole gumba bila hata kukunja uso, akachungulia. "Na meno gani? Angalia. Haiko na jino hata moja. Iko na njaa tu, masikini."

Akakoroga maziwa ya unga kwenye kibakuli, akamwambia achovye kidole kinyonywe. Sudi alimtazama kama amemwambia alambe sakafu. Alitafuta kijiti, akafunga kitambaa kwenye ncha, akachovya, akakinyooshea kijibwa kwa mbali.

"Unalisha imbwa ao unazibua bomba?" Mama Katungu akauliza.

Lakini kijibwa kilinyonya kitambaa, kikashiba, kikajamba, kikaharisha kwenye gunia. Sudi alitoka nje kwenda kujitwaharisha. Kwa madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi nzito: mahali palipoguswa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Majengo hakuna udongo wa maana. Kuna changarawe nyeusi ya volkano inayokata kama chupa. Aliosha mikono hivyo mpaka ngozi ikawa nyekundu, akaihisi bado michafu, akaanza upya. Alijua kabisa kwamba maji aliyomwaga yangewanywesha watu wanne kule juu. Alijichukia kwa hilo, na hakuacha.

Kesho yake alikipandisha Kibumba ndani ya katoni. Kwenye hema la kipindupindu alikutana na Victoire, muuguzi wa kutoka Goma, mwanamke mfupi aliyelala saa tatu kwa siku na hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Ni weye mwenye imbwa? Ingia. Huyu mama anakataa kunywa. Serumu, maji ya kutia mu mushipa, iko karibu kuisha, imebakia kunywa na kikombe. Asiyekunywa anakufa, njo vile tu. Namwambia kunywa, ananiambia anangoja. Anangoja nini, na mutoto wake walimuchukua?"

Ndani, vitanda vya turubai vilikuwa na tundu katikati na ndoo chini ya tundu, na ndoo nyingine zilikuwa zimejaa. Watu walilala ndani ya uchafu wao wenyewe na wa jirani, macho wazi, nzi wakiwatembelea midomoni wala wasiwafukuze. Hilo ndilo lililomtisha Sudi kuliko harufu. Dancille alikuwa kama wao. Mkono wake ulining'inia ndani ya ndoo na hakuuondoa.

Sudi akafungua katoni. Kijibwa kikalia. Kichwa cha Dancille kikageuka.

"Imekula?"

"Imekula. Imeshiba kuliko mimi."

Alikitazama kwa muda, kisha akanyoosha shingo kwenye kikombe cha Victoire, akanywa maji ya chumvi na sukari, yote. Victoire alimkodolea macho Sudi. Nje ya hema akamshika mkono wa shati. "Kila siku, Papa. Umenisikia? Kila siku utaileta."

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo: akakiona, akanywa. Siku ya tatu alikunywa vikombe vitano, akauliza kama kinalala vizuri. Sudi akajibu kinalala vizuri, na moyoni akaongeza kwamba anayelala vibaya ni yeye. Maana kile kitu kilimtesa. Kilimkojolea kwenye kiti cha lori. Kilitapika minyoo, myeupe, hai, ikijikunja kwenye kanyagio la breki. Viroboto wake walimhamia mpaka kiunoni. Akila, aliona ulimi wa kijibwa. Akifumba macho kuswali, alilisikia titi lile likinyonywa. Alikuwa akikilea kama mtu anayebeba choo cha mgonjwa: kwa ncha za vidole, uso umegeuzwa. Kila usiku alisema, bora aninyweshe Mungu sumu. Kila asubuhi kiapo kilimwamsha.

Alhamisi jioni alifikiria Ijumaa. Alitaka angalau siku moja akae msikitini bila kujihisi ananuka mbwa. Nyuma ya lori kulikuwa na ndoo ya klorini, ile kali ya kusugulia ndani ya tangi, na Sudi, aliyekuwa akiona kazi ya dawa hiyo kila siku, akawaza wazo lililomridhisha sana: kama dawa hii inasafisha maji ya watu maelfu, itashindwaje kusafisha kijibwa kimoja? Akavaa glavu. Akakichovya. Akakisugua kwa burashi ya tangi, tumbo, masikio, mdomo, huku kikipiga kelele, mpaka kikawa cheupe na kikanuka kama hospitali. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitabasamu. Akakiweka kwenye katoni mpya na kwenda zake kuoga.

Asubuhi alikikuta kimelala ubavu. Macho yalikuwa mekundu, povu limekijaa mdomoni, na tumbo limebabuka. Kilijilamba usiku kucha.

"Umeifanya nini?" Mama Katungu akauliza.

"Nimekiosha."

"Na nini?"

Mama Katungu akainama, akanusa, akainuka polepole.

"Ile dawa yenye munatiaka mu tangi? Papa Sudi! Inajilambaka, hii! Umeinywesha sumu." Hasira ilimfanya aseme chini badala ya juu. "Mutu alikupa katoto kake ukalinde. Weye ukaona uchafu tu."

Alikisuuza kwa maji ya vuguvugu, akakizungushia sweta la marehemu mumewe. Kisha akamwambia Sudi aende kazini, watu wana kiu, lakini akirudi atakilisha mwenyewe. Yeye si mama yake.

Sudi akapandisha Kibumba mikono mitupu. Kutoka kwenye mabomba hadi hema la kipindupindu ni hatua mia moja, hazizidi. Aliliona hema. Aliona mlango wake wa turubai ukipigwa na upepo. Angeweza kwenda akasema kweli, kwamba kinaumwa, au akasema uongo wa kumpoza. Akajiambia kwamba akichelewa ataikosa Ijumaa. Akajiambia kwamba Victoire ana kazi nyingi, asimsumbue. Alijidanganya, na alijua anajidanganya, na bado akafunga mabomba, akapanda lori, akashuka.

Msikitini aliinama na kuinuka na watu bila kusikia neno. Vidole vyake vilinuka klorini. Alijitazama ndani ya kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, na kinyaa alichokuwa amewagawia mbwa, maiti na wakimbizi kikamrudia chote. Hakungoja hata kuwaaga waliokuwa karibu naye. Alienda Majengo kwa mguu, karibu anakimbia.

Kijibwa kilikuwa hai, kwa shida. Akaleta kijiti chake na kitambaa. Hakikufungua mdomo.

"Haitaki tambala," Mama Katungu akasema kutoka mlangoni. "Ilizoea ngozi ya mutu."

Sudi akakikalisha mapajani, juu ya kanzu. Akachovya kidole kidogo kwenye maziwa na kukiingiza. Ndani mlikuwa na joto, na utelezi, na ufizi ulioungua uliokwaruza kama ngozi ya samaki. Ulimi ukajikunja kuzunguka kidole chake. Akatapika. Aligeuza uso kwenye beseni, akatapika vyote alivyokula asubuhi, na kidole hakukitoa. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa kanzu, akachovya tena. Tone, tone, tone. Mara kilimeza, mara kilimrudishia maziwa pamoja na povu mpaka tumboni, na yakapenya kwenye nguo yakamgusa ngozi. Mama Katungu alienda kanisani kusali rozari, akarudi, akawasha moto, akapika, na Sudi alikuwa bado amekaa palepale. Karibu na magharibi kijibwa kikakaza taya, kikavuta kidole kwa nguvu ya kweli, na Sudi akapiga kelele kama aliyeumwa na nyoka, ila ilikuwa furaha.

Jumamosi Victoire alikuwa amesimama nje ya hema, amekunja mikono. Safari hii hakumshika shati.

"Jana ulikuya."

"Nilikuja."

"Alisikia moteri ya lori yako. Ile moteri anaijua. Akakaa, na kukaa alikuwa hawezi, akaangalia mulango. Akangoja. Halafu moteri ikashuka." Victoire aliangalia pembeni. "Akageukia turubai. Tangu pale hata tone. Serumu imeisha, mishipa haionekane. Kama hanywi leo, kesho batamubeba na wengine."

Sudi alilikumbatia sweta lenye kijibwa. Aliingia.

Dancille alilala uso kwenye ukuta wa turubai, mdogo kuliko alivyomwacha. Nzi walikuwa wamejaa pembeni mwa jicho lake, na mkono wake ulikuwa tena ndani ya ndoo. Chini ya kitanda ndoo ilikuwa imefurika, na hapakuwa na mahali pa kupiga goti isipokuwa ndani ya kile kilichomwagika. Sudi akapiga goti hapo. Kilimpenya kwenye suruali, cha baridi. Akafungua sweta.

"Dancille. Nimekuletea mtoto wako."

"Imekufa," mwanamke akasema kwa turubai.

"Haijafa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikiosha kwa dawa kikaugua, nikaona haya kukuambia. Jana nilikuwa hapa, nikakimbia. Geuka uone."

Hakugeuka. Kijibwa kilikuwa kimesinzia, hakikulia hata. Sudi akatoa chupa ya maziwa mfukoni, akamimina kiganjani, akachovya kidole na kukipa. Kikaanza kunyonya. Kilinyonya kwa kelele, kama wanavyonyonya watoto wenye pupa, na maziwa na mate yakamtiririkia Sudi kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko.

Ile sauti ndiyo iliyomfikia. Bega la Dancille likatikisika. Akageuza kichwa, polepole, kama anageuza jiwe, akakiona kijibwa, akakiona na kidole kilichokuwa mdomoni mwake. Sudi aliona koo lake likimeza kitu ambacho hakikuwapo.

"Kikombe!" akamwambia Victoire. "Lete kikombe!"

Sudi alikipokea kwa pupa, kwa mkono ule ule. Mtu aliyemwaga chai kwa sababu ya nzi alikuwa amesahau kabisa mkono wake ulikotoka. Maziwa yenye mate ya mbwa yalidondoka kutoka kwenye vidole vyake, yakapita kwenye ukingo wa kikombe, na alikuwa akiusukuma ukingo huo kwenye midomo ya mwanamke huku akinong'ona, kunywa, kunywa mama, nakuomba.

Dancille akarudisha kichwa nyuma. Pua yake ikajikunja. Mdomo ukapinda upande mmoja, na mkono uliokuwa umelala ndani ya ndoo ukainuka, ukamsukuma.

"Na mukono ile?" akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa na ukali wa mwenye nyumba. "Papa wa Maji, hauna haya? Unanipa kinywaji na mukono ya imbwa? Enda unawe kwanza." Kisha akajitazama mwenyewe, mkono wake, nguo yake, nzi, kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. "Na hii ndoo inanuka. Batoe hii ndoo."

Victoire alitoa sauti ambayo Sudi hakujua kama ni kicheko au kilio. Alikuwa amefanya kazi humo hemani kwa zaidi ya wiki, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumlalamikia harufu.

Sudi aliinuka akakimbia. Alikimbia hatua zote mia moja mpaka bombani, suruali imelowa, akawapita wenye watoto mgongoni, na Habarurema akafungua mdomo kumzuia akaufunga tena. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudi mbio mikono imeinuliwa juu, isije ikagusa kitu. Ndoo ilikuwa imebadilishwa. Victoire alikuwa na kikombe kingine, kisafi.

Dancille hakukipokea. Alimshika Sudi mkono kwanza, akaugeuza, akakagua kiganja, kisha kucha moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye kidole kidogo alikikazia macho zaidi. Sudi alisimama kimya kama mtoto anayekaguliwa na mama yake kabla ya misa, machozi yakimtiririka, wala hakuthubutu kuyafuta asije akachafua mkono.

"Sawa," mwanamke akasema.

Akanywa chote. Akakunja uso kwa ile chumvi, akasema ni mbaya, akaomba kingine.